Kufunga Daraja la Tremolo kwenye Gitaa la Umeme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapigaji wa Malindi

Ukurasa huu ni wa wapigaji wa Malindi, Watamu na kandokando yake ambao magitaa yao yana mkono wa tremolo, ile fimbo ya chuma ya kuyumbisha sauti, wasioutumia, au wanaoutumia kisha wakahangaika na tuni usiku kucha. Wengi wenu mnapiga rumba, bango, chakacha, nyimbo za kanisani au taarabu za harusini, na mambo mnayouliza yanafanana sana. Nimeyaweka kwa mpangilio ambao huwa yananijia.

Daraja la tremolo ni lipi, na kulifunga ndiyo kufanya nini?

Daraja ni ile sehemu ya chuma nyuma ya pikapu (vile visumaku vinavyonasa sauti ya nyuzi) ambapo nyuzi zinaishia. Kwenye gitaa lenye tremolo, daraja halikukazwa likatulia. Linainama mbele na nyuma, na chini yake linashuka pande la chuma linalozama ndani ya mwili wa gitaa. Geuza gitaa, fungua kifuniko cha plastiki cha mgongoni, utaliona pande hilo likivutwa na springi tatu, nne au tano kuelekea upande wa shingo. Mwisho mwingine wa springi umeshikwa na bati lenye meno, ambalo hapa nitaliita kulabu, na kulabu hiyo imekazwa kwenye mbao kwa skrubu mbili ndefu.

Nyuzi zinavuta huku, springi zinavuta kule, na daraja linatulia pale nguvu mbili zinapolingana, kama mizani ya muuza nafaka. Nguvu zenyewe si za mchezo. Seti ya nyuzi za unene wa 10 hadi 46 (kwa elfu za inchi), kwenye gitaa ambalo uzi wake una urefu wa milimita 648 toka shingoni hadi darajani, ikituniwa kawaida huvuta kwa karibu kilo 47. Seti nyembamba ya 9 hadi 42 huvuta kama kilo 38. Ndiyo maana ukinunua nyuzi nyembamba kuliko za zamani, daraja linazama, na ukinunua nene linainuka mgongo, hata kama hujagusa skrubu yoyote.

Kulifunga ni kulizuia lisiende popote, au liende upande mmoja tu. Hakuna kinachogundishwa wala kupigwa msumari.

Nitajuaje gitaa langu lina daraja la aina gani?

Fungua kifuniko cha nyuma. Kama hakuna kifuniko wala springi, na gitaa lako si la Bigsby wala Jazzmaster nitakazozitaja chini, huna tremolo, basi lala usingizi.

Zikiwepo springi, tazama mbele ya daraja. Ukiona skrubu sita zimejipanga mstari, hilo ni la mtindo wa Stratocaster, gitaa ambalo kampuni ya Leo Fender ililitoa mwaka 1954 na ambalo karibu kila kiwanda duniani kimeliiga. Magitaa mengi yanayozunguka mikononi mwa wapigaji wa hapa ni ya ukoo huo: Squier, Yamaha Pacifica, na yale yasiyo na jina la kueleweka. Ukiona nguzo mbili tu badala ya skrubu sita, kazi ni ileile, ila daraja lenyewe huwa limeinuliwa zaidi.

Ukiona vigingi vidogo vya kugeuza kwa vidole juu ya daraja lenyewe, na kule juu ya shingo kuna vibati vitatu vilivyobana nyuzi kwa alenki (skrubu zenye tundu la pembe sita), hilo ni Floyd Rose au mwigo wake. Lina swali lake huko chini.

Bigsby, lile lenye mkono mkubwa na springi moja nene inayoonekana juu ya gitaa, halifungwi kwa njia za ukurasa huu. Na mwenye Jazzmaster, gitaa jingine la Fender, atazame vizuri kwenye bati la mkono: gitaa hilo, tangu lilipotoka 1958, lina kitufe cha kusukuma kilichowekwa kwa kazi hiihii. Watu hupiga Jazzmaster miaka na hawajui kitufe kile ni cha nini.

Kwa nini nilifunge? Si liliwekwa kwa sababu?

Liliwekwa kwa ajili ya mtu anayetaka sauti iyumbe. Sasa jiulize, katika nyimbo unazopiga wikendi, ni ngapi zinazotaka sauti iyumbe kwa mkono? Solo la rumba linataka nyuzi mbili zipigwe kwa pamoja, kila noti isimame wima. Bango ni hivyohivyo. Kwenye daraja linaloelea, yaani lisilofungwa, ukivuta uzi mmoja kwa kidole huku mwingine unalia, ule wa pili unashuka bila wewe kuutuma, kwa kuwa mvuto ulioongeza umeliinua daraja zima. Mpigaji anadhani sikio lake ni bovu, kumbe springi zimenyooka kidogo.

Sababu ya pili ni uzi kukatika. Daraja linaloelea likipoteza uzi mmoja, mizani inaangukia upande wa springi, na nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda juu ya tuni. Ukiwa nyumbani ni kero. Ukiwa jukwaani, bibi harusi ndiyo kwanza anaingia na kinamama wameshaanza vigelegele, huna gitaa tena. Gitaa lililofungwa likikatika uzi, unamaliza wimbo na nyuzi tano.

Ya tatu ni wale wanaoshusha uzi mnene toka E hadi D kwa wimbo mmoja kisha wanarudi. Bila kufunga, kila ukishusha uzi huo, nyuzi nyingine zinapanda kidogo, unaanza kutuni upya zote sita, na meneja wa hoteli anakutazama.

Asiyepaswa kufunga ni yule anayeutumia mkono kweli. Yeye anahitaji gitaa lililosetiwa vizuri, na hiyo ni kazi nyingine.

Si aibu kwa mpigaji kufunga tremolo?

Eric Clapton amepiga Stratocaster miaka mingi akiwa na springi zote tano na kipande cha mbao kilichobana daraja. Kama ni aibu, ni aibu iliyojaza viwanja.

Gitaa langu linatoka kwenye tuni kila mara. Nikifunga daraja litapona?

Labda. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea njia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kufunga daraja kunatibu kasoro zinazotokana na daraja tu. Na kwa magitaa ninayoyaona, nusu ya lawama inayotupiwa daraja ni ya nati, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki kwenye mwisho wa shingo, chenye vijito sita ambamo nyuzi hupita kwenda kwenye vigingi. Kijito kikiwa chembamba kuliko uzi, au kimejaa uchafu, uzi unanasa. Ukikaza kigingi unasikia "tik" ndogo, kisha sauti inaruka juu ghafla. Ukisikia tik hiyo, tatizo liko huko juu, na kufunga daraja hakuwezi kulitibu.

Kuna jaribio rahisi. Tuni gitaa, kisha vuta uzi wa tatu kwa kidole mara kadhaa kwa nguvu, uachie, usikilize. Ukibaki chini ya tuni huku nyingine ziko sawa, umenasa kwenye nati au umelegea kwenye kigingi. Halafu sukuma mkono wa tremolo chini mpaka nyuzi zilegee, uachie. Uzi uliorudi ukiwa juu ya tuni, nao pia umenasa kwenye nati: ulipolegea uliteleza kuelekea kigingini, na ulipokaza ukashindwa kurudi. Zikirudi zote sita kwa pamoja zikiwa chini, au zote juu, hapo ndipo daraja lenyewe linashindwa kurejea mahali pake, na kulifunga kutasaidia.

Nati iliyonasa unaisugua kwa risasi ya penseli laini, ya 2B au zaidi, ndani ya kila kijito kila unapobadilisha nyuzi. Ikikataa, apanue fundi mwenye faili nyembamba zinazolingana na unene wa nyuzi. Msumeno wa chuma usiingie hapo.

Tazama pia namna uzi ulivyozungushwa kwenye kigingi. Mizunguko miwili au mitatu iliyoshuka kwa mpangilio inatosha kwa nyuzi nene. Zile nyembamba zikiongezwa mmoja si neno. Mizunguko minane iliyopandana ni chemchemi nyingine umeitengeneza mwenyewe. Na nyuzi mpya zivute kwa mkono, taratibu, moja moja, mpaka zikome kushuka, kabla hujalaumu chuma chochote.

Naweza kufunga bila kuweka mbao?

Kwa daraja la mtindo wa Stratocaster, ndiyo, na hii ndiyo njia ninayoanza nayo. Unaongeza nguvu ya springi mpaka bati la daraja lilale juu ya mwili wa gitaa na lisiweze kuinuliwa na nyuzi.

Fungua kifuniko cha nyuma. Kama una springi tatu, ongeza ziwe nne au tano. Nafasi kwenye kulabu na matundu kwenye pande la chuma huwa yapo matano. Legeza nyuzi kwanza, maana springi iliyovutwa ikiponyoka inaruka, na jicho halina vipuri. Afadhali koleo yenye mdomo mrefu kuliko kutumia vidole.

Kisha kaza zile skrubu mbili ndefu za kulabu kwa bisibisi ya nyota, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Tuni. Tazama mgongo wa daraja kwa ubavuni. Gitaa la kiwandani mara nyingi huja likiwa limeinuka nyuma kama milimita 3. Unataka pengo hilo liishe kabisa. Endelea kukaza na kutuni kwa zamu mpaka bati lilale.

Bati kulala hakutoshi, lazima lilale kwa nguvu. Pitisha kipande cha karatasi chini ya ukingo wa nyuma wa bati, kisha vuta uzi wa tatu kwa kidole mpaka sauti yake ipande noti nzima. Karatasi ikilegea na kutoka, springi bado hazijatosha. Kwa masikio: piga uzi mnene ulie, na huku unalia vuta uzi wa tatu. Ule mnene ukitikisika kushuka, rudi kwenye bisibisi. Ukibaki palepale, umemaliza.

Jambo moja la kuangalia kwa makini: kwenye kulabu kuna waya mwembamba, mara nyingi mweusi, uliochomelewa kwa lehemu. Huo ndio unaotuliza mngurumo wa umeme unapogusa nyuzi. Ukizungusha skrubu huku waya umejipinda, lehemu inabanduka, na gitaa linaanza kunguruma mpaka ufikiri amplifaya imeharibika. Uache ulegee kabla hujaanza.

Na zile skrubu sita za mbele usizikaze mpaka mwisho ukidhani unafunga daraja. Hizo zinafanya kazi ya bawaba. Ukizibana, bati linapinda, nalo linabaki linainama vilevile ila sasa kwa kusuasua.

Njia ya kabari ya mbao inafanywaje?

Hii ni kwa anayetaka daraja lisitikisike hata mtu akiegemea mkono kwa bahati mbaya, au kwa nyuzi nene ambazo springi tano zinazishindwa.

Uelewe kwanza pande la chuma linaelekea wapi. Ukisukuma mkono chini, sehemu ya chini ya pande inasogea kuelekea kitako cha gitaa. Ukivuta mkono juu, inasogea kuelekea shingoni, zilipo springi. Kwa hiyo kabari iliyowekwa kati ya pande na ukuta wa mbao upande wa kitako inazuia daraja lisiinuke. Kuelekea shingoni, bati lililolala juu ya mwili wa gitaa linajizuia lenyewe. Ndiyo maana kwa Stratocaster iliyolazwa kama nilivyoeleza hapo juu, kabari moja upande wa kitako inafunga pande zote mbili.

Laza bati kwanza kwa springi, tuni, ndipo upime. Pima upana wa pengo mahali pawili, karibu na juu na karibu na chini, kwa sababu pande halisimami sambamba na ukuta kila mara. Mara nyingi pengo ni jembamba upande mmoja kwa nusu milimita au zaidi. Kata kipande kinene kidogo kuliko pengo, kirefu karibu sawa na upana wa pande ili mzigo usambae. Halafu ni msasa na subira. Sugua, jaribu, sugua, jaribu. Kinatakiwa kiingie kwa kusukumwa na kidole gumba na kikae bila kuanguka ukigeuza gitaa. Kikihitaji nyundo ni kinene mno: kimelisukuma pande, kimelitoa bati mahali pake, na kwenye magitaa ya bei ya chini pande lenyewe ni la zinki ya kumimina, linaweza kupasuka.

Ukiona kinaingia kwa shida kidogo tu, vuta mkono wa tremolo juu polepole kama daraja bado lina nafasi ya kwenda, pengo la upande wa kitako litapanuka, kitie, kisha achia. Tuni tena. Daraja likirudi lilipokuwa na tuni haijahama sana, kipimo ni sahihi.

Gundi usitie. Kabari inashikwa na mgandamizo, na siku ukitaka kuuza gitaa, mnunuzi anayetaka tremolo yake ataipata.

Mbao gani inafaa? Hapa kwetu nitapata wapi?

Mbao ngumu iliyokauka. Malindi hukosi: karakana yoyote ya vitanda na milango ina ndoo ya vipande vya mbao vilivyobaki chini ya meza. Mbambakofi ndiyo ninayoipenda, ile inayotengenezewa fremu za milango, kwa sababu ni nzito na haichezi sana na unyevu. Mvule ni mzuri. Mwembe unafaa pia ukiwa umekauka kweli, lakini mwembe mbichi usiuguse, utasinyaa na kabari itakuwa inagonga ndani kama kokwa. Huhitaji kununua ubao, wala hakuna haja ya kumfanya mtu aingie msituni Arabuko-Sokoke kwa kipande kisichozidi kidole. Omba kipande, toa cha chai.

Mwambie seremala akikate ili mishipa ya mbao ielekee toka kwenye pande la chuma kwenda ukutani, si kukatiza. Mbao huvimba na kusinyaa kwa ubavu, kwa urefu wa mishipa haibadiliki karibu kabisa, na ndiyo njia inayobeba mgandamizo vizuri zaidi. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea na kila mlango wa nyumba umevimba, utaona tofauti. Pengo likiwa jembamba sana, kipande cha namna hiyo kitapasuka mkononi. Hapo kata kawaida.

Kadibodi, raba ya kandambili na sponji zinabonyea. Sarafu zilizopangwa na kufungwa kwa selotepu zinaweza kukuvusha usiku mmoja, ila zinalia.

Daraja langu ni Floyd Rose. Tayari lina kufuli, bado nahitaji kulifunga?

Zile alenki za shingoni hufunga nyuzi, hazifungi daraja. Floyd Rose, mpigaji wa Marekani aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka 1979, alitaka mtu aweze kuulaza mkono mpaka nyuzi zining'inie kisha zirudi kwenye tuni, ndiyo maana akazibana ncha zote mbili. Daraja lenyewe linaelea kuliko hata la Stratocaster, na uzi ukikatika hali ni mbaya zaidi, kwani huwezi hata kutuni haraka mpaka ufungue alenki.

Ugumu ni kwamba mara nyingi chini ya bati kumechimbwa, ili mkono uweze pia kuvutwa juu. Bati halina pa kulalia. Kwa hiyo unahitaji vipande viwili: kimoja upande wa kitako, kingine upande wa springi, kati ya pande la chuma na ile ngazi ya mbao ambapo shimo linapungua kina. Sawazisha daraja kwanza liwe sambamba na mwili wa gitaa, nyuzi zikiwa kwenye tuni, ndipo upime pande zote mbili. Ukiweka kabari kabla ya kusawazisha, umefunga daraja likiwa limepinda, na zile ncha kali za chuma zinazoegemea nguzo mbili zitaendelea kulika.

Kuna kifaa kiitwacho Tremol-No kinachochukua nafasi ya kulabu na kukuwezesha kufunga au kufungua kwa skrubu za kukaza kwa vidole. Kinafanya kazi. Kwa mtu wa Malindi swali ni kukiagiza na kungoja, wakati kipande cha mbambakofi kiko ng'ambo ya barabara.

Nataka mkono ushuke tu, usipande. Inawezekana?

Ndiyo, na kwa mtu anayetumia mkono mara mojamoja ni mapatano mazuri. Kwa Stratocaster laza bati kwa springi bila kabari: mkono utashuka ukiusukuma kwa nguvu kidogo zaidi ya kawaida, na ukiachia daraja linarudi kugota mwilini, mahali palepale kila mara. Kwa Floyd Rose iliyochimbiwa, weka kabari moja tu, upande wa springi, na ukaze kulabu kidogo.

Kuvuta uzi hakutahamisha nyingine alimradi springi zina nguvu za ziada, na uzi ukikatika hutapoteza tuni.

Baada ya kufunga, nyuzi zimeshuka zinagusa freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo). Nimeharibu?

Hujaharibu. Bati lililokuwa limeinuka sasa limelala, na vile vidaraja vidogo sita vinavyobeba nyuzi vimeshuka nalo. Vipandishe kwa alenki yake ndogo, kila mguu sawa na mwenzake, mpaka nyuzi zikome kuvuma. Skrubu hizi ndizo za kwanza kushikwa na kutu. Zikigoma tia tone la mafuta ya cherehani, ngoja mpaka kesho, jaribu tena. Ukilazimisha leo utavunja tundu la alenki.

Halafu kagua freti ya 12. Noti ya kubonyeza hapo na mlio wa kugusa uzi tu hapohapo lazima zilingane. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kidaraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Chuma cha ndani ya shingo usikiguse kwa ajili ya hili.

Sauti itabadilika?

Kidogo. Bati lililogandamana na mbao hufanya baadhi ya magitaa yalie kwa muda mrefu kidogo, na mkono wa kulia ukiegemea daraja kuzima nyuzi hausukumi tena noti juu. Anayekuambia gitaa lake limekuwa gitaa jingine anakuuzia kitu. Springi zikiwa zinalia ndani kila ukikata wimbo ghafla, chomeka kipande cha sponji chini yake.

Tuko karibu na bahari, kila kitu kinashika kutu. Kufunga kunasaidia au kunaficha tatizo?

Yote mawili. Daraja linaloelea linategemea ncha safi zinazozunguka bila kukwama. Hewa ya chumvi ikishaziparuza, daraja linasimama popote linapotaka, juu kidogo leo, chini kidogo kesho. Kulifunga kunaondoa hitaji la ncha kuzunguka, kwa hiyo gitaa linatulia. Kwa wapigaji wa hoteli za ufukweni, ambao gitaa linashinda kwenye jukwaa lililo wazi huku upepo wa kusi ukileta maji ya bahari usoni, nadhani hii ni sababu nzito kuliko zote nilizotaja juu.

Lakini kutu inaendelea kula. Futa nyuzi na daraja kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, jasho lina chumvi pia. Fungua kifuniko cha nyuma unapobadilisha nyuzi, futa springi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani, kidogo kweli, yasifike kwenye mbao. Zile pakiti ndogo za chembechembe zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu zitie kwenye mfuko wa gitaa. Springi iliyokwisha kuwa nyekundu yote badilisha. Ikikatika ndani hutakuwa na tuni yoyote.

Mkono wenyewe niutoe?

Utoe. Watoto wakiuona wataushika, na mtu akiusukuma kwa nguvu kabari ikiwepo, nguvu yote inaishia kwenye skrubu za mbele na mbao iliyozishika. Ndani ya tundu la mkono huenda kuna kispringi kidogo sana; kitie kwenye bahasha pamoja na mkono, kwa sababu kikidondoka mchangani hukioni tena.

Naweza kutoa nyuzi zote kwa pamoja sasa?

Ndiyo, daraja halina pa kwenda. Hii peke yake imewafanya watu wafunge.

Nikitaka kufungua?

Legeza nyuzi kiasi, vuta kabari kwa koleo, punguza springi zirudi idadi ya mwanzo, fungua kulabu nusu mzunguko kwa zamu huku ukituni, mpaka mgongo wa bati uinuke tena ulivyokuwa. Vidaraja utavishusha. Itakula jioni nzima, kwa kuwa kila uzi unaotuni unahamisha nyuzi tano nyingine, kwa hiyo usianze siku ya shoo. Kabla ya kufunga mara ya kwanza, piga picha ya mgongo wa gitaa likiwa wazi na pima kulabu iko mbali kiasi gani na ukuta. Picha hiyo ndiyo itakayokuongoza.

Mimi hupiga kwa mkono wa kushoto. Kuna tofauti?

Hakuna. Shingo ni shingo na kitako ni kitako, springi zinavuta upande uleule.